Keki ya Mteremko

Jumamosi, 14 Desemba 1957

Siku kubwa kwangu. Leo kwenye kikao cha kanisa letu la laini, hizi nyumba za wafanyakazi wa shamba, Mzee Momanyi amesimama akasema magoti yake yamechoka, anaacha uzee wa kanisa. Maana yake kile kiti kitakuwa wazi. Nasema kiti chenyewe, cha mbao, chenye mikono miwili, kinachokaa mbele karibu na meza. Sisi wengine wote ni mabenchi. Nimekiangalia miaka sita na najua viwiko vyangu vitakaa wapi.

Majina yaliyopelekwa kwa Mchungaji Oyoo kule Kisii ni mawili. La kwanza ni mimi, Zacheus Arasa, karani wa mizani wa shamba hili la chai, mtu wa hesabu na mwandiko mzuri. La pili ni Ongeri, nyapara, mtu wa kupuliza filimbi. Mchungaji atakuja mwenyewe siku ya Krismasi na atataja mmoja.

Nyumba zetu mbili ndizo zimeambiwa zilete keki za chai ya baada ya ibada. Hakuna aliyesema ni mtihani. Lakini watu walikohoa kidogo.

Nyanchama, mke wangu, amefurahi sana. Ameshaweka mayai kumi kwenye kitambaa chake cha maua, na zabibu kavu anazo tangu Agosti. Nikamwambia vizuri. Moyoni sikusema vizuri.

Ukweli uandikwe, maana hapa hakuna anayesoma. Keki ya Nyanchama ni tamu lakini imepinda. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, mafiga yako kwenye mteremko, na yeye hupika kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kwa hiyo keki hutoka nene upande wa mto na nyembamba upande wa barabara. Kila mwaka. Watu hula yote, lakini kwanza wanacheka. Mimi sitaki kuchekwa mbele ya mchungaji. Ongeri anakaa tambarare, kando ya stoo.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimeomba ruhusa nikaenda Kericho na lori la shamba kuchukua mifuko. Dereva ni Kepher, mgeni, ameanza kazi mwezi wa kumi, haongei sana.

Pale dukani nimeiona. Keki ya Krismasi, ndani ya kioo, duara kabisa, sukari nyeupe juu mpaka pembeni. Nikainama nikaweka jicho langu sawa na meza. Tambarare. Haina mto wala barabara. Nikaomba niishike. Ratili nne kasoro kidogo, sihitaji mizani, mkono wangu unajua.

Nikaagiza moja, itakuwa tayari Jumamosi. Pesa zilikuwa za viatu vya Nyanchama. Viatu vinaweza kungoja. Miguu haiendi popote.

Kepher ndiye ataileta. Njiani aliniuliza safari ya keki inalipwa na nani. Kumbe huwa anaongea.

Jumatano, 18 Desemba

Nimemlipa Kepher. Nyanchama alikuwa shambani anachuma, nikachukua yale mayai kumi pamoja na kitambaa chao, nikampelekea. Hesabu yangu ni hivi: dereva ameridhika, na mke wangu hana tena cha kupikia. Hapo hata ugomvi hautakuwepo.

Ugomvi ulikuwepo. Nyanchama aliuliza mayai yako wapi. Nikasema labda ni kicheche. Akauliza kama kicheche hubeba na kitambaa. Nikasema vicheche vya siku hizi.

Halafu nikamwambia, Mama Elmina, pumzika mwaka huu, keki nimeipanga mimi, tena ya kisasa. Akauliza ya kisasa maana yake nini. Nikasema iliyonyooka. Akaendelea kumenya viazi. Nikachukua hiyo kuwa ni kukubali.

Shajara hii naiandika na penseli ya kazi. Ni ile ya kijivu ambayo ukiilowesha inatoa zambarau, na haifutiki hata kwa mvua ya Kericho. Karani wa mizani lazima ailambe kabla ya kuandika. Ulimi wangu ni wa zambarau tangu mwaka wa hamsini na moja. Najua wachumaji wanavyoniita nikigeuka. Basi wajue kwamba zile ratili mbili ninazokata kwa kila kikapu ni za maji ya majani, nitaendelea kuzikata.

Jumamosi, 21 Desemba

Imefika. Nimeificha kwenye kibanda cha mizani, juu ya boriti, ndani ya gunia safi. Nimepanda mara nne kuiangalia. Nzuri mno.

Kepher alisema yale mayai amempa dada yake hapa laini, na dada amefurahi sana. Nikasema vizuri, mtu akumbuke ndugu zake.

Jumapili, 22 Desemba

Balaa.

Leo Bilhah, mwenyekiti wa akina mama, amesoma barua ya Mchungaji Oyoo mbele ya kanisa. Bilhah ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mchungaji anasema amezunguka mashamba mengi Desemba hii na kila mahali anapewa keki ya duka, na ile sukari ngumu imemvunja jino. Anaomba kwetu ale keki iliyopikwa nyumbani. Akaongeza kwamba nyumba isiyoweza kupika keki yake, yeye hajui italitunzaje kanisa.

Ongeri alitazama dari. Mimi nilitazama kile kiti.

Bilhah akasema yeye mwenyewe atazikagua. Kila mwanamke hapa anajua anakagua nini. Ukipika kwa sufuria huwezi kuona ndani, kwa hiyo unachomoa kijiti cha ufagio, unadunga katikati. Kijiti kikitoka kikavu, keki imeiva. Tundu linabaki. Keki ya duka haina tundu. Bilhah hutafuta tundu kwanza, hata kabla ya kusema Bwana asifiwe.

Jioni nimefikiri sana. Ningeweza kumwambia Nyanchama ukweli, akaazima mayai, akapika. Siku bado zilikuwepo. Nilifika mpaka mlangoni mwa jiko. Akaniuliza nataka nini. Nikasema chumvi.

Sasa nina chumvi mezani na mpango mpya. Nitaifanya keki ya duka iwe ya nyumbani.

Jumatatu, 23 Desemba

Saa ya chakula nimejifungia kwenye kibanda. Nimekwangua sukari yote kwa kisu. Sukari haiwezi kutupwa chini, sisimizi watakuja na watu watauliza. Nimeila.

Saa nane tumbo likawa gumu. Nimepima vikapu vya watu arobaini nikiwa nimeshikilia nguzo. Nyamoita, mke wa Ongeri, aliuliza kama naumwa. Nikamkata ratili tatu.

Nyumbani sikuweza kula. Nyanchama akanipa maji ya moto na kuniangalia kama mtu anayesoma kitabu ambacho mwisho wake anaujua. Sikupenda.

Jumanne, 24 Desemba

Kazi imekamilika. Niandike kwa utaratibu, siku moja itamfaa mtu.

Kwanza, weusi. Keki ya nyumbani lazima iungue kidogo juu. Nimeweka makaa kwenye kipande cha bati nikakishikilia juu ya keki. Hapo ikaungua vizuri. Halafu ikaungua zaidi. Nikapuliza.

Pili, tundu. Kibandani hakuna ufagio, hufagiwa na matawi. Lakini mtu wa kazi hakosi kifaa. Nikachukua penseli yangu sikioni nikadunga katikati, mpaka chini. Tundu la duara kabisa, zuri kuliko la kijiti. Nilijipongeza.

Tatu, ukavu. Yale makaa yalikuwa yameikausha, inatoa sauti ukiigonga. Nikapata wazo la ajabu. Nikamimina chai ya vuguvugu taratibu kupitia lile tundu, kikombe kizima. Ikanywa yote. Sasa ni laini ndani na imeungua nje, na tundu inalo. Mama yeyote angeiita yake.

Nimerudi nyumbani saa kumi na nyumba nzima inanukia keki. Nilishtuka. Halafu nikanusa shati langu. Ni mimi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nitaandika yote.

Asubuhi nilibeba keki mwenyewe, imefunikwa. Nyanchama alitembea nyuma na mtoto wetu Elmina. Nilimwambia akiulizwa kama ameipika, aseme ndiyo. Akasema, Baba Elmina, mimi nitajibu kile nitakachoulizwa. Nikaona hapo tumeelewana.

Ibada ilikuwa fupi kwa sababu mvua ilianza na mabati yalimshinda mchungaji. Meza ikawekwa. Keki mbili. Ya Ongeri ilifunuliwa kwanza, na watu wakaanza kucheka kidogo. Nene upande mmoja, nyembamba upande mwingine. Nilicheka pia. Nilifikiri ni ajabu kwa mtu anayekaa tambarare, halafu sikufikiri zaidi.

Ikafunuliwa yangu. Bilhah akainama akaiangalia kutoka kila upande. Akasema tundu lipo. Akasema kijiti cha nyumba hii ni kinene. Nikasema tuna ufagio mkubwa. Mchungaji akasema hajawahi kuona keki ya sufuria iliyonyooka namna hii, na akaniangalia kwa upendo, na Mzee Momanyi akakisogeza kile kiti kidogo upande wangu. Niliona kwa macho yangu. Kilisogea.

Ndipo Bilhah akaikata.

Ndani ilikuwa zambarau. Si kidogo. Kutoka kwenye tundu katikati rangi ilikuwa imetembea na ile chai mpaka karibu na kingo zote. Mchungaji alikuwa ameshaweka kipande mdomoni. Alitafuna polepole, akaacha.

Bilhah akachukua kipande akakipeleka dirishani penye mwanga. Akasema rangi hii anaijua vizuri, ndiyo inayomkatia ratili zake mbili kila siku.

Nilisema ni zabibu. Nilisema kuna zabibu za aina hiyo. Mchungaji akafuta mdomo, akaniambia kwa upole kabisa nitoe ulimi.

Nimetumikia mizani miaka sita. Nimetoa ulimi mbele ya kanisa zima siku ya Krismasi. Watu walicheka mpaka mvua haikusikika. Elmina pia. Aliyekuwa hacheki ni Nyanchama peke yake, alikuwa anatazama mikono yake.

Mchungaji akaniuliza keki ilitoka wapi. Nikasema Kericho. Akashika taya upande wa lile jino.

Basi akamgeukia Ongeri kumpa mkono. Ongeri hakuutoa wake. Alisimama, akashika kofia, akasema hawezi kupewa sifa ambayo si yake. Keki hii, akasema, ni ya nyumba ya Arasa.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua. Nyamoita akasimama kumalizia. Alisema kaka yake Kepher alimletea mayai kumi kwenye kitambaa cha maua. Kitambaa alikijua. Akamrudishia mwenyewe, yaani Nyanchama, na kumwambia kwamba yeye Nyamoita keki zake hazijawahi kuumuka, watu wote ni mashahidi. Nyanchama akamwambia lete unga, tutapika pamoja. Wakapika jana mchana, kwenye mafiga yetu, wakati mimi nashikilia bati.

Kwa hiyo haikuwa shati langu.

Mchungaji akauliza nyumba ya Arasa ni huyu Arasa mwenye ulimi. Wakasema ndiye. Akanigeukia. Akasema, kama amesikia sawa, nilikuwa na keki bora nyumbani kwangu, nikaizuia isipikwe. Nikasema kwa kifupi ndiyo hivyo.

Akamtaja Ongeri. Akasema anayeweza kurudisha sifa anaweza kupewa ufunguo wa kanisa. Kisha akakata kipande cha pili cha ile keki ya mteremko, upande wa mto.

Sasa sehemu ambayo sikuipenda kuliko zote. Mzee Momanyi akauliza aliyeipika yuko wapi. Akamshika Nyanchama mkono, akampeleka mbele, akamkalisha kwenye kile kiti. Alisema leo bado ni chake na atamkalisha anayemtaka. Akina mama wakampelekea chai pale pale. Alikaa wima, viwiko juu ya mikono ya kiti. Vilikaa vizuri kabisa.

Akanyoosha miguu kidogo. Kiatu cha kulia amekifunga na kamba ya katani, soli isidondoke. Nimekitazama kile kiatu tangu chai ya kwanza mpaka wimbo wa mwisho. Niliona aibu. Si ya keki. Ya keki ni nyingine.

Alhamisi, 26 Desemba

Leo wachumaji wote wamekuja mizanini wakitoa ulimi. Mmoja baada ya mwingine, na vikapu kichwani. Nimekata ratili mbili kama kawaida. Kwa Bilhah nilitaka kukata nne, nikaangalia uso wake, nikakata moja.

Jioni Nyanchama amenitolea kipande alichonifichia. Upande wa mto. Nimekula nimesimama karibu na moto. Nimemwambia ni tamu. Akasema anajua. Nilikuwa nataka kumwambia habari ya viatu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamuuliza kama unga alipima kwa kikombe au kwa mkono.

Akasema kwa mkono. Baadaye kidogo akasema kile kiti si kizuri kama watu wanavyodhani, mkono wa kushoto una msumari unachoma. Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na kwa muda tukawa sawa.

Nimeamua. Mshahara ukitoka, viatu kwanza.

Jumapili, 29 Desemba

Ongeri amekalia kiti kwa mara ya kwanza. Katikati ya sala akaruka kidogo upande wa kushoto. Sikumwambia kitu kuhusu msumari. Atajijulia.

Baada ya ibada kumetangazwa habari. Mchungaji Oyoo atarudi siku ya Pasaka, kuchagua msaidizi wa mzee wa kanisa. Msaidizi naye atapewa kiti. Hakina mikono, lakini kina mgongo. Na nyumba zinazotaka zitaleta mikate ya Pasaka, ya kupika nyumbani.

Nyanchama aliniuliza njiani kama atafute unga mapema. Nikamwambia, Mama Elmina, pumzika, hiyo imeshapangwa. Alisimama barabarani akaniangalia. Kamba ya kiatu ilikuwa imelegea, akainama akaifunga, akaendelea kutembea.

Nimekaa nikapitia mambo yote kwa haki, kama karani. Keki yenyewe haikuwa na kosa. Makaa yalikuwa sawa, au karibu. Wazo la chai lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa penseli tu, hakuna lingine. Mkate wa dukani ukidungwa na kitu kinachofaa, Bilhah hana atakachosema. Nimechomoa kijiti kimoja kwenye ufagio wa jikoni nikakichonga ncha. Nimekiweka hapa kati ya kurasa.

Aliyebaki ni Kepher. Nimemgusia leo kuhusu safari ya Kericho wakati wa Pasaka, akauliza tena inalipwa na nani. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kuku wetu, naona, wameanza kutaga tena.